Simu Iliyong'arisha Macho

Kezia Bhoke alizaliwa Isebania, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, akaolewa Kisegi, kando ya Ziwa Victoria, akiwa na miaka ishirini na miwili. Mume wake, Paul, ni fundi wa nyavu. Hushinda nje ya nyumba akiziba matundu ya nyavu za watu wengine. Kezia alipofika huko hakujua neno hata moja la Kijaluo, ikabidi azungumze Kiswahili na kila mtu, kuanzia mama mkwe hadi wauza omena, dagaa wa ziwani. Kijaluo alikuja kukijua, lakini jina walilompa siku zile halikumtoka. Walimwita Nyar Kuria, binti wa Wakuria, na kwa miaka mingi jina hilo halikuwa na ubaya wowote.

Mimi ni Irine, wa upande wa bonde la Lambwe, na kazi yangu ni kama ya Kezia. Sisi ni wahamasishaji wa afya ya jamii. Kila mmoja ana nyumba kama mia moja za kutembelea. Tunauliza nani ana homa, nani ni mjamzito, nani ameacha dawa; tunapima mikono ya watoto kujua kama wanakula, tunaandika, tunaenda nyumba ya pili. Haya ninayosimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine aliniambia mwenyewe tukiwa nje ya mikutano yetu tukingoja chai.

Kezia alikuwa mtu wa kucheka. Alikuwa pia mtu wa picha. Binti yake anayefanya kazi mjini Migori alimnunulia simu iliyosifika kwa kamera yake. Ukijipiga picha nayo ulitoka kama umeoga, umelala vizuri na umepungua miaka kumi. Kwenye mikutano tulikuwa tunaipigania. Baadaye akaona kwamba inaweza kumsaidia kazini. Dispensari iko kilomita saba kutoka kijijini kwake, na mvua ikinyesha barabara ile hata pikipiki zinaikataa. Kwa hiyo mtu akiwa na kidonda au upele, Kezia alipiga picha akamtumia Ombati, daktari pekee wa dispensari ile, naye Ombati akajibu: mlete, au, apake hiki. Kwa mwaka mzima mambo yalienda vizuri. Mtoto aliyeungua kwa uji, mzee mwenye kidonda cha sukari kidoleni, mapunye ya watoto wa shule, yote yalipita kwenye simu ile.

Halafu ikaja Ijumaa moja ya mwezi wa Aprili.

Cate alikuwa msichana wa miaka ishirini, ametoka kujifungua mtoto wake wa kwanza. Walimwita Elvis. Mume wake, Bonface, alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye malori kule Isebania, na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Kezia alifika saa nne asubuhi, mvua ikianza kuanguka. Mtoto alikuwa na siku nne. Nyumba ilikuwa ya mabati, chumba kimoja, na dirisha lilikuwa na pazia la rangi ya machungwa ambalo Cate alilinunua kwa ajili ya wageni watakaokuja kumwona mtoto.

"Ananyonya?" Kezia aliuliza.

"Kidogo tu, Mama. Analala. Hata kulia halii sana."

Kezia alimfunua mtoto akamtazama. Chini ya pazia lile kila kitu kilikuwa cha rangi ya machungwa: shuka, ukuta, mkono wa Cate, mkono wake mwenyewe. Alifungua jicho la mtoto kwa kidole gumba, akatazama kama weupe wa jicho umegeuka manjano, asijue anaona nini. Alifikiri kumpeleka mlangoni kwenye mwanga. Lakini upepo wa mvua ulikuwa unaingia, na Cate akasema, "Ndiyo kwanza amepata joto." Basi Kezia akatoa simu. Alimpiga picha hapohapo kitandani, jicho likiwa wazi, akamtumia Ombati na kuandika: siku nne, analala sana, ananyonya kidogo.

Ombati alikuwa peke yake siku hiyo na benchi limejaa. Baada ya robo saa jibu likaja: "Macho ni safi. Hakuna manjano. Anyonye kila masaa mawili. Nimwone Jumatatu."

Kezia aliitazama picha tena. Kweli, macho yalikuwa meupe, tena meupe sana. Roho yake ikatulia.

"Daktari amesema yuko sawa," alimwambia Cate. "Umwamshe anyonye, hata kama hataki."

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Cate alituma mtu kumwita. Kezia alimsikia mtoto kabla hajafika mlangoni. Kilio kilikuwa chembamba, cha juu, hakikushuka. Elvis alikuwa amejikunja kwa nyuma kama upinde, ngumi zimefungwa. Wakapanda pikipiki watatu na mtoto hadi dispensari, na kutoka hapo gari likawapeleka hospitali kubwa Homa Bay. Huko mtoto aliwekwa chini ya taa za buluu, wakamfunga macho kwa kitambaa, wakamtoa damu na kumwongezea nyingine.

Daktari wa wodi alitoka akauliza, "Nani alimtembelea huyu mtoto nyumbani?"

"Ni mimi."

"Na hukuona ni wa manjano hadi nyayo?"

Kezia alifungua simu akampa. Daktari aliitazama picha muda mrefu.

"Huyu ndiye yule mtoto?"

"Ndiye."

"Ya lini?"

"Ijumaa. Saa nne."

Daktari akamrudishia simu, akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi walimtoa Elvis kwenye taa kwa muda mfupi ili anyonye, wakamfungua macho. Cate alimshika kando ya dirisha. Mwanga wa mchana ulikuwa unaingia wazi, na sasa mtu yeyote angeona: macho yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai. Kezia alichukua simu akaielekeza kwa mtoto. Kwenye kioo cha simu, kabla hajabonyeza, manjano ilionekana, ingawa kidogo. Akabonyeza. Alama ndogo ikazunguka kwa sekunde moja, simu ikifikiri, kisha picha ikatokea. Macho yalikuwa meupe.

Alipiga mara ya pili, na ya tatu. Kila mara ilikuwa vilevile. Simu ilimtazama mtoto, ikamwona ana ila, ikamrembesha.

"Unafanya nini, Mama?" Cate aliuliza.

"Hakuna kitu," alisema Kezia. Akatoka, akaketi kwenye ngazi za nje mpaka mchana.

Elvis hakufa. Alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, amekonda lakini mzima, na kwa muda tulidhani ameponea chupuchupu. Alipofika miezi mitano tukaanza kujua. Cate alikuwa akiangusha sufuria nyuma yake naye hageuki. Akikalishwa, shingo ilianguka. Miguu ilikuwa migumu ikipishana kama mkasi. Hospitalini walimweleza kwamba manjano ilikuwa imefika kwenye ubongo, na kwamba mambo yangekuwa mengine kama angeletwa siku mbili mapema.

Siku mbili mapema ni Ijumaa. Cate alijua kuhesabu.

Bonface alikuja kutoka Isebania akaenda moja kwa moja kwa Kezia. Paul aliinuka, lakini Bonface hakuwa amekuja kupigana. Alisimama nje ya mlango akasema polepole, "Ulipiga mtoto wangu picha badala ya kumpeleka hospitali." Kisha akaondoka. Kezia aliniambia ingekuwa afadhali kama angempiga.

Kijijini jina lake likabadilika sauti. Nyar Kuria na simu yake. Baadhi ya nyumba zilimwambia mwenye nyumba hayupo, na yeye anasikia redio ndani. Tuliitwa kwenye mkutano, mimi nikiwepo. Msimamizi wetu alisema haya ni mambo ya Mungu, hakuna wa kulaumiwa. Ombati akasimama kutoka viti vya nyuma. "Mimi ndiye niliyeandika kwamba yuko sawa," alisema. "Yeye alituma, mimi nikajibu." Aliketi, na mkutano ukaendelea na habari ya neti za mbu. Miezi michache baadaye alihamishiwa kwingine kwa zamu ya kawaida, akaondoka.

Kezia alirudisha begi lake la kazi. Wakamrudishia, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuzitembelea nyumba zile mia moja.

Mwezi wa kumi na moja alienda kwao Isebania kwa matanga ya shangazi yake. Kabla hajarudi aliingia kwenye studio ndogo ya picha karibu na mahali ambapo malori hupanga foleni. Mwenyewe aliitwa Mayaka, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kamera yake kubwa iliharibika zamani, sasa alipiga picha za vitambulisho, harusi na mazishi kwa simu tu, na watu walimsifu kuliko wenye kamera. Kezia aliweka simu yake mezani.

"Nataka iache kudanganya," alisema.

Mayaka alicheka. "Mama, wateja wangu wanalipa ili idanganye. Mtu anakuja na chunusi, anataka atoke bila. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia nibakishe."

Ndipo Kezia akamweleza. Hakuwa amemweleza mgeni yeyote hadithi ile tangu mwanzo hadi mwisho. Mayaka aliacha kucheka. Alifunga mlango wa studio, akageuza kibao cha nje kionyeshe amefunga, akavuta kiti.

Kwanza alipangusa kioo cha kamera kwa shati lake akamwonyesha mafuta ya vidole yaliyokuwa hapo. Akasema nusu ya ukungu wa picha za watu ni mafuta ya mandazi. Kisha akaingia kwenye mipangilio. Sehemu ya urembo ilikuwa imewekwa juu kabisa tangu simu itoke dukani. Hiyo ndiyo iliyolainisha ngozi na kung'arisha macho. Akaizima. Chini yake kulikuwa na nyingine, ile ambayo simu hujiamulia yenyewe kwamba hiki ni chakula, hiki ni uso, hili ni jua likitua, kisha ikapaka rangi inayofaa. Akaizima pia.

"Hiyo ni moja," alisema. "Lakini hata bila urembo ingekudanganya kwenye chumba kile. Pazia lilikuwa rangi gani?"

"Ya machungwa."

"Simu haijui nyeupe ni ipi. Inabahatisha. Ikiona kila kitu ni cha machungwa, inasema, hapa taa ni mbaya, ngoja nipunguze manjano. Inapunguza ya pazia na ya mtoto pamoja."

"Kwa hiyo hata macho yangu yalifanya hivyo?"

"Macho ya mtu pia huzoea," Mayaka alisema, akiangalia kando.

Alimfundisha mchana kutwa. Alimwonyesha upande wa kitaalamu wa kamera, ambao Kezia hakuwahi kuufungua, na jinsi ya kuchagua alama ya jua ili simu isibahatishe rangi. Alimwambia aweke kitambaa cheupe kando ya kitu anachopiga, ili anayeitazama picha ajue nyeupe ya siku hiyo ilikuwaje. Asivute picha kwa vidole, asogee yeye. Asitumie flashi kwenye ngozi, kwa kuwa inaiosha. Aguse mahali anapotaka paonekane, ashikilie kidole mpaka simu ifunge hapo, kisha ashushe mwangaza kidogo, maana simu hupenda kuifanya ngozi yetu iwe ya maji ya kunde hata pasipo sababu. Na akituma, atume kama faili, sio kama picha, kwa sababu njiani picha hubanwa ikapoteza nusu ya vitu vyake.

Kezia alipouliza bei, Mayaka alikataa kupokea chochote. Akamwomba tu asimwambie mtu kwamba anajua kuzima urembo, atakosa wateja. Ulikuwa mzaha, na Kezia alijaribu kucheka.

Aliporudi Kisegi alianza mazoezi. Paul aliniambia alidhani mke wake anarukwa na akili. Alipaka binzari ya manjano kwenye sahani nyeupe, nyingi hapa, kidogo pale, pengine kidogo mno hata usiione. Akaipiga picha chini ya kila pazia ndani ya nyumba, kwenye kivuli cha mwembe, mlangoni, jua kali, mawingu. Kila picha akaiandika kwenye daftari la shule: saa ngapi, wapi, mipangilio gani, binzari ilionekana au haikuonekana.

"Unapika nini?" Paul alimuuliza siku moja.

"Sipiki."

"Basi lala kidogo, Kezia. Hii sahani haitakuponya."

Kezia aliendelea na sahani yake, akagundua kwamba mlangoni, mgongo wa mtu ukizuia jua la moja kwa moja, mwanga ukiingia kwa ubavu, binzari kidogo kabisa ilionekana. Ndani ya nyumba, hata kamera ikiwa imewekwa vizuri namna gani, ile ndogo ilipotea. Chini ya ukurasa huo aliandika kwa herufi kubwa: MTOTO ATOLEWE NJE.

Mwaka uliofuata msimamizi alimwomba aje Lambwe atufundishe. Alikuja na vitambaa vyeupe ishirini alivyokata kwenye shuka na kuvipinda mwenyewe kwa mkono. Alifundisha bila kutabasamu hata mara moja. Mtu akipiga picha gizani alimwambia futa. Akisahau kitambaa, futa. Mwenzetu mmoja alinong'ona kwamba huyu anatufundisha kama anafundisha bunduki, tukacheka, na mimi nikiwemo. Mwishoni alisema jambo ambalo halikuwa kwenye daftari lake.

"Picha ni ya kumsaidia daktari kujiandaa. Sio ya kukusaidia wewe usitembee. Mkiwa na shaka, msipige. Pelekeni."

Wiki tisa baadaye nilimtoa mtoto wa siku tatu mlangoni katika nyumba moja karibu na mbuga ya Ruma, nikaweka kitambaa kando ya shavu lake, na nikaona. Sikutuma hata hiyo picha kwanza. Niliita pikipiki, nikaituma tukiwa njiani. Mtoto yule alikaa kwenye taa siku mbili akarudi nyumbani, na leo anakimbiza kuku. Nilimpigia Kezia nikidhani nitamfurahisha.

"Alikuwa na siku ngapi?" aliuliza.

"Tatu."

"Ni vizuri," alisema. "Ni vizuri sana, Irine." Akakata simu.

Kwa muda huo wote Cate hakuwa amezungumza naye. Wakikutana sokoni, Cate aligeukia upande mwingine akajifanya anachagua nyanya. Nyumba yake ilikuwa miongoni mwa zile mia moja, na Kezia alipaswa kuitembelea kila mwezi. Alifika, akabisha, akangoja, akaandika kwenye kitabu: sikumpata. Alijua yumo ndani.

Elvis alipokuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, Cate alikuja mwenyewe. Ilikuwa saa sita mchana. Paul alimwona kwanza, akaacha sindano ya nyavu ikining'inia. Cate hakukubali kiti. Mtoto alikuwa mgongoni, kichwa kimelala upande.

"Anashtuka," alisema. "Mikono inaruka, kichwa kinaanguka. Nikimpeleka Homa Bay hashtuki. Nikirudi nyumbani anaanza. Daktari amesema nirekodi video nimpelekee. Mimi simu yangu ni kabambe, hii ndogo ya vibonyezo, haina kamera."

"Nitakuja kesho asubuhi," Kezia alisema.

"Njoo. Lakini sijasema yameisha."

"Najua, Min Elvis," Kezia alisema, akimwita Mama Elvis kwa Kijaluo.

Aliniambia hakulala vizuri, akiwaza kwamba sasa kamera itasema kweli, na kweli yenyewe itakuwa nini.

Asubuhi alifika na kitambaa chake. Pazia la dirishani lilikuwa lingine, la kijivu. Hakuuliza. Walitandika mkeka karibu na mlango, wakamlaza Elvis akiwa na kaptula tu ili mikono na miguu ionekane yote. Kezia aliilaza simu kwa ubavu juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaiegemeza kwa matofali mawili, akarudi nyuma mpaka mtoto mzima akaingia kwenye picha, kichwa hadi vidole vya miguu. Alifunga mwangaza kwenye kifua cha mtoto ili wingu likipita picha isichezecheze. Akapunguza fremu, picha ambazo video hupiga kwa kila sekunde, kutoka sitini hadi thelathini, kwa vile chumba hakikuwa na mwanga mwingi na fremu nyingi zingeleta giza.

Cate alikuwa akiosha vyombo akimtazama kwa pembeni. "Mbona umezima mtandao?"

"Mtu akinipigia, inakata kurekodi."

Walingoja zaidi ya saa mbili. Kezia alirekodi vipande virefu, akavifuta, akaanza upya. Elvis alitazama dari. Mara moja alitoa sauti kama anataka kucheka, na wanawake wote wawili wakageuka kwa wakati mmoja, kisha kila mmoja akarudi kwenye lake.

Ilianza bila taarifa. Mikono ya mtoto iliruka mbele, shingo ikadondoka, akakaza, akaachia, akatoa kilio kifupi. Tena. Tena. Cate alidondosha sahani kwenye beseni akaja kupiga magoti. "Usimshike," Kezia alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Mwache kidogo tu. Ni lazima aonekane." Akataja tarehe na saa kwa sauti ili daktari asikie. Mkono wake ulibaki kando ya ndoo, haukugusa chochote.

Cate hakuwa anamtazama mtoto. Alikuwa anamtazama kwenye kioo cha simu, akihesabu kwa midomo. Mtoto alipotulia ndipo alimnyakua akamkumbatia.

"Kumi na saba," alisema. "Mimi nilikuwa najua ni mbili tatu."

Kezia alipanda kilima nyuma ya shule kutafuta mtandao, akamtumia daktari wa Homa Bay video yote bila kuikata wala kuibana. Ilichukua karibu saa nzima kwenda. Jioni daktari akajibu: mleteni Alhamisi, msingoje tarehe yenu.

Walienda pamoja kwa sababu Cate hakuijua njia ya kitengo kipya walichoambiwa waende. Daktari alikuwa mwanamke, mpole, lakini mwenye haraka. Aliitazama video mara tatu, mara ya mwisho polepole sana, akisimamisha na kuendeleza. Alizungumza na Cate kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza kingi, akaandika dawa, akawaita wanaofuata.

Kwenye korido Cate alisimama. "Amesema nini hasa? Mimi nimesikia dawa tu."

Pale kulikuwa na watu wengi, na Kezia alimvuta kando ya ukuta.

"Amesema ni kifafa cha watoto. Dawa itapunguza kushtuka. Pengine haitamaliza."

"Na masikio?"

"Hayatarudi."

"Na kutembea?"

"Amesema wanaweza kumfundisha kukaa. Nimemuuliza kuhusu kutembea, akasema tusitegemee."

"Amesema hivyo, ama wewe umepunguza?"

"Amesema hivyo. Sijapunguza."

Cate alikaza leso ya mgongoni. Machozi hayakutoka. Alitazama mlango wa daktari, halafu akamtazama Kezia usoni, kwa mara ya kwanza tangu mtoto alipokuwa na siku sita.

"Siku ile ungeniambia tu kwamba hujui," alisema.

"Ndiyo," Kezia alisema. "Ningesema sijui."

Walitembea hadi duka la dawa. Kezia alimbeba Elvis wakati Cate akisubiri kwenye foleni, na hiyo, aliniambia, ilikuwa mara yake ya kwanza kumbeba tangu siku ya pikipiki. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na mgumu, hakukunjika mwilini mwa mtu jinsi watoto wanavyokunjika.

Sasa Elvis ana miaka miwili na nusu. Siku nzuri hushtuka mara mbili au tatu. Seremala wa Kisegi alimtengenezea kiti chenye mikanda, na humo hukaa kando ya mama yake anayeuza omena barabarani. Bonface anarudi nyumbani mara chache kuliko zamani. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi Kezia anaenda kurekodi, kwa kuwa daktari anataka kulinganisha. Cate anafungua mlango, anasogeza pazia, anamlaza mtoto kwenye mkeka, kisha anaendelea na kazi zake. Wanasalimiana. Chai haijawahi kutolewa, na Kezia hajawahi kuitarajia.

Mwezi uliopita alinionyesha video hizo kwenye simu yake, zimepangwa kwa tarehe, zote kwa umbali mmoja, mwanga mmoja, kitambaa cheupe kikiwa pembeni. Zimefika kumi na tano. Ukizitazama kwa mfuatano unaona miguu ya mtoto ikirefuka mpaka inakaribia kutoka nje ya mkeka. Vingine vyote vimebaki vilevile.